Mji ni mama, mji ni mama wa kambo: faida na hasara za kuishi Kikula

Kila mara wazee na vijana wa Kikula wanapokaa pamoja, ubishi ni ule ule. Wazee wanasema mji umeharibu watoto. Vijana wanajibu: basi, mbona hamkubaki ku mugini? Wazee wananyamaza kidogo, wanacheka, kisha ubishi unaanza tena upya. Sisi tunaona kwamba ubishi huu hautakwisha mpaka tujue mji wenyewe ulitoka wapi, nani aliuzaa, na ni kitu gani ulitupa kwa mkono wa kuume na kutunyang'anya kwa mkono wa kushoto. Katika kurasa hizi hatutaki kuhubiri. Tunataka kupima, kama mama wa sokoni anavyopima unga mbele ya mnunuzi, bila kuweka kidole kwenye kopo.

1. Kabla ya mji

Inchi hii ilikuwa na wenyewe. Wasanga walijua shaba, tunayoiita mukuba, miaka mingi sana kabla mzungu hajafika. Watu waliwaita walaji wa mukuba. Mavuno yakiisha na kiangazi kikiingia, mafundi walikwenda kwenye vilima wakachimba jiwe la kijani, wakalichoma kwa makala katika tanuru za udongo, wakamimina mukuba katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilisafiri mbali, ikanunua vitu, ikalipa mali ya kuolea. Katika karne ya 19 M'siri, mfalme wa Wayeke wa Bunkeya, alishika njia za biashara hiyo, mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa Serikali ya mfalme Leopold.

Msomaji aangalie jambo moja hapa. Fundi wa Kisanga alichimba wakati wa kiangazi, na mvua ilipokaribia alirudi kulima. Kazi ya mukuba ilikuwa na wimbo wake, na miiko yake, na mwisho wake. Haikuzaa mji. Mji ulizaliwa siku kazi ilipokuwa ya kila siku, ya saa, ya king'ora, na mwenye kuifanya akawa hana tena shamba la kurudia.

2. Mji uliozaliwa na reli

Kompanyi ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka wa 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910, na ikafika Kambove mwaka wa 1913. Likasi ilikuwa njiani, na chini ya vilima vyake kulikuwa shaba. Migodi na viwanda vikafuatana: Panda ikasafisha majiwe ya madini katika miaka ya 1920, Shituru ikaanza kutoa shaba kwa nguvu ya umeme mwaka wa 1929, na mwaka wa 1930 maporomoko ya Mwadingusha, kwenye mto Lufira, yakafungwa ili kutoa umeme wenyewe. Mwaka wa 1931 mji ukaitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, Mbelgiji mkubwa wa kompanyi. Jina la Likasi lilirudi mwaka wa 1966.

Lakini mashine bila mikono ni chuma tu. Tangu mwaka wa 1910 kulikuwa ofisi, Bourse du Travail du Katanga, ambayo kazi yake ilikuwa kutafuta watu vijijini. Walitoka Lomami, Kasai, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, na baadaye Ruanda na Urundi. Wengine walikuja kwa hiari ili wapate franka za kodi. Wengine chifu aliwaonyesha kidole, wakafungwa kamba. Katika miaka ile ya kwanza wengi walikufa kwa magonjwa ya kifua na ya tumbo, kwa baridi na kwa chakula kibaya. Njo maana katika masimulizi ya babu zetu neno la kwenda Katanga lilikuwa na kilio ndani yake.

Kompanyi ikaona kwamba mtu anayekufa au anayekimbia kila mara ni hasara. Kuanzia mwaka wa 1928 ikabadili namna: mkataba wa miaka mitatu, na mwanaume aje na bibi yake. Ndipo kampi zikajengwa, nyumba kwa nyumba, na watoto wakaanza kuzaliwa hapa. Watoto wale hawakutoka mahali. Wao njo wana wa kwanza wa mji.

Kwa hiyo kulikuwa mahali patatu. Pale juu penye miti na barabara nzuri palikuwa pa wazungu. Kampi za Panda na Shituru zilikuwa za wafanyakazi wa kompanyi. Halafu kulikuwa Kikula, yaani sité, kwa watu weusi ambao hawakukaa chini ya mkono wa kompanyi: mshonaji, fundi wa kinga, boyi wa mzungu, karani, mchuuzi, mjane, mwanamke asiye na bwana, na mfanyakazi aliyefukuzwa lakini aliyekataa kurudi mugini. Sheria ya mwaka wa 1931 iliita mahali kama hapa kwa Kifaransa centre extra-coutumier, maana yake mji ulio nje ya desturi. Tukumbuke jina hilo. Waliofikiri kwamba hapa hakutakuwa na desturi walijidanganya, kama tutakavyoona.

3. Mji ulitupa nini

Tuanze na faida, maana asiyesema mema ya mama yake hana haki ya kusema mabaya yake.

Mji ulitupa kwanza mkate wa uhakika. Mfanyakazi wa kompanyi alipokea mposho: unga, samaki, maharagwe, mafuta ya mawese, na sehemu ya bibi na ya kila mtoto. Mama aliyezaa alifuatiliwa na lopitali, mtoto akapimwa uzito. Mtoto alikwenda shule iliyokuwa mikononi mwa wamisionari wa Kikatoliki. Mzee aliyeingia kazini akiwa hajui kusoma aliona mwanawe akiwa karani, muuguzi, au fundi wa karakana kubwa za Panda. Njo maana watu walisema: kazi njo baba, kazi njo mama. Hawakuwa wajinga. Walisema walichokula.

Pili, mji ulitupa lugha. Mluba, Mbemba, Msanga, Mtetela, Mrundi na Mchokwe walikutana kwenye bomba moja la maji. Wangesemezana namna gani? Kiswahili, kilichokuja na misafara ya biashara na kikaendelezwa na kompanyi na misheni, kikageuka hapa kuwa kitu kingine. Tulikivunja, tukakijenga upya kwa miti ya Kiluba, Kibemba na Kifaransa. Watu wa Zanzibar wakitusikia wanaweza kucheka. Waache wacheke, ila lugha hiyo ina vitabu vyake. Mwaka wa 1965 André Yav, aliyetumikia wazungu nyumbani mwao, aliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili hiki hiki cha jikoni na cha barabarani, kwa niaba ya watumishi wa zamani. Maprofesa wa ulaya wanaisoma leo ili wajue sisi tulionaje ukoloni.

Tatu, mji ulitupa mziki. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mashine ya kunasa sauti, alimkuta hapa Jadotville kijana mwenye gita. Jina lake Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, mwaka wa 1930. Vidole vyake viwili vilifanya kazi ya watu watatu. Wimbo wake Masanga uliruka mpaka Nairobi na mbali zaidi, na wapiga gita wa Kenya wakajifunza kwake. Gita halikuwa ala ya babu zetu, na Bosco hakulipigia mugini. Alilipiga hapa, mbele ya watu wa makabila yote waliosimama njiani wakitoka kazini. Mziki huo ni mtoto wa mji.

Nne, mji ulitupa nafasi ya kujichagulia. Desemba 1957, Wabelgiji waliporuhusu kwa mara ya kwanza watu weusi kupiga kura ya kuchagua wakubwa wa komini, ni miji mitatu tu ya Kongo yote iliyopiga kura: Léopoldville, Elisabethville na Jadotville yetu. Na nani aliyekuwa burugumesta hapa? Victor Lundula, Mtetela wa Sankuru, mtu wa Kasai, askari wa zamani wa Force Publique. Julai 1960 Patrice Lumumba alimfanya jemadari mkubwa wa jeshi la Kongo. Tunaomba msomaji aliweke jambo hilo mfukoni, tutalirudia: watu wa mji huu waliongozwa na mtu ambaye hakuzaliwa Katanga, wala mbingu hazikuanguka.

4. Desturi zilizoota nje ya desturi

Bula Matari alisema huu ni mji nje ya desturi. Lakini mtu hawezi kuishi bila desturi, kama vile nyumba haiwezi kusimama bila nguzo. Watu wa Kikula walijitengenezea nguzo zao wenyewe.

Ya kwanza ni kilio. Ku mugini, mtu akifa, ukoo unatosha. Mjini ukoo uko mbali, treni ni ghali, na maiti hangoji. Basi jirani akawa ukoo. Akifa mtu katika barabara yako, unaleta kiti, kuni, unga, unalala nje penye moto, hata kama yeye ni Mluba na wewe ni Mbemba. Asiyekwenda kwenye kilio cha mwingine anajua nini kinamngoja siku yake. Wageni wanafikiri desturi hii ni ya zamani za zamani. Kwa namna yake hii ya kuchanganya makabila, ni desturi ya mji.

Ya pili ni butani. Makabila yaliyopigana zamani, au yaliyokutana kwenye biashara, yaligeuza uadui kuwa mzaha. Mtani anaweza kukutukana mbele ya bakwe zako, anaweza kuzuia jeneza mpaka alipwe kitu kidogo, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Katika mji wa watu wasiojuana, butani ilikuwa kama mafuta kwenye mashine: bila mafuta, vyuma vinasagana.

Ya tatu ni vyama. Kabla ya vita ya pili ya dunia kulikuwa ngoma ya mbeni, yenye wafalme wake, magavana wake na madaktari wake, waliovaa kizungu na kucheza kizungu ili wajichekee na wazungu wawacheke. Wakubwa wa serikali hawakuipenda, maana walijua chama kinachoweza kupanga ngoma kinaweza kupanga mgomo. Kwa hesabu hiyo hawakukosea sana: Desemba 1941 wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma, Jadotville pamoja na Elisabethville, na askari wakawapiga risasi. Kisha vikaja vyama vya watu wa mkoa mmoja, vya kusaidiana katika ugonjwa na kifo. Katika miaka ya 1950 padri Placide Tempels akaanzisha Jamaa huko Kolwezi, na ikaenea katika kampi zote na maneno yake matatu: uzima, uzazi, mapendo. Na wamama wakawa na likilimba yao: kila mmoja anatoa, mmoja anapokea, na zamu inazunguka.

Tunasema yote haya kwa sababu moja. Mposho ilitoka juu. Kilio, butani na likilimba zilitoka pembeni, kwa jirani. Tofauti ya mambo haya mawili ilikuja kuonekana baadaye, na ilionekana kwa uchungu.

5. Mji ulitunyang'anya nini

Hasara ya kwanza ni uhuru. Mtu mweusi wa Jadotville hakutembea usiku katika mtaa wa wazungu bila karatasi. Kapita wa kampi aliingia nyumbani akaangalia kama umefagia. Katika sité za Kongo mwanamke aliyeishi bila bwana alitozwa kodi yake ya peke yake, kana kwamba kukaa bila mwanaume ni biashara. Baba aliyekula kwa mposho alikuwa mtoto mbele ya kompanyi. Na wakati dunia ilipoyumba baada ya mwaka wa 1929 na bei ya shaba ikaanguka, kompanyi ilifukuza wafanyakazi kwa maelfu, wakarudishwa makwao. Yule baba aliyesemwa aliwatoa watoto nje na kufunga mlango. Wengi walisahau somo hilo mambo yalipopoa.

Hasara ya pili ni ardhi na hewa. Wasanga walipoteza vilima vyao. Moshi wa viwanda uliingia katika vifua, na maji machafu yakaingia mitoni. Shinkolobwe, si mbali na hapa, ilitoa radiamu tangu miaka ya 1920, kisha uranium iliyotumika katika bomu la Hiroshima la Agosti 1945. Wenye kuchimba hawakuambiwa walichoshika mikononi. Na jambo hilo si la zamani tu. Mwaka wa 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi sana katika mkojo wao, na watoto njo wana nyingi zaidi. Mtoto anayecheza katika vumbi analipa bei ya mali ambayo hajaiona.

Hasara ya tatu ni kwamba mji wenye utajiri ni mji wenye vita. Katanga ilijitenga na Kongo kuanzia tarehe 11 Julai 1960 mpaka Januari 1963. Septemba 1961 askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walizungukwa hapa Jadotville, wakapigana siku kadhaa, wakaishiwa na risasi na maji, wakajitoa. Mwaka wa 2016 sinema ilitengenezwa juu yao, na ni haki yao. Lakini watu wa Kikula waliolala chini ya vitanda siku zile hawana sinema.

Hasara ya nne tunaiandika peke yake, kwa sababu tumekaa kimya sana juu yake.

6. Mwaka wa 1992

Hata baada ya uhuru na baada ya kompanyi kuchukuliwa na serikali, tarehe 1 Januari 1967, maisha ya Gécamines yaliendelea kama ya Union Minière: mposho, lopitali, shule. Katika mwaka wa 1986 ilitoa karibu tani 470,000 za shaba. Kisha mashine zikazeeka bila kurekebishwa, fedha zikaliwa na wakubwa wa Kinshasa, na Septemba 1990 mgodi mkubwa wa Kamoto ukabomoka. Kufikia miaka ya 1993 na 1994 shaba ilikuwa chini ya tani 50,000 kwa mwaka. Mkate ulipungua mezani, na mkate unapopungua, watu wanaanza kuhesabu nani amekaa mezani.

Wanasiasa waliwasaidia kuhesabu. Chama cha UFERI kilihubiri Katanga kwa Wakatanga. Agosti 1992 mkutano mkubwa wa taifa huko Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri wa kwanza mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Ngoma za furaha za upande mmoja zikawa ngoma za hasira za upande wa pili. Katika wiki zilizofuata vijana walizunguka katika mitaa ya Likasi, wakawatoa watu wa Kasai nyumbani, nyumba zikachomwa, nyingine zikachukuliwa. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Maelfu na maelfu walikimbilia kwenye stasiyo ya treni, kwenye shule na misheni, wakalala chini wiki kwa wiki, miezi kwa miezi, wakingoja mabehewa. Watoto walikufa pale kwa kuhara na kwa surua. Wengine walikufa njiani, katika treni zilizokwenda kwenye mkoa ambao hawakuujua, kwa maana walizaliwa hapa, na baba zao walizaliwa hapa.

Fikirini: mfanyakazi ambaye babu yake aliletwa na ofisi ya kompanyi, amefungwa kamba, miaka ile ya 1920, anaambiwa arudi kwao. Kwao ni wapi? Wajukuu wa wale waliompata Lundula kuwa burugumesta njo walioimba nyimbo za matusi chini ya madirisha ya jirani.

Lakini tukipima lazima tupime pande zote. Kulikuwa pia watu wa Kikula waliomficha mtani wao chini ya kitanda. Kulikuwa wamama waliopeleka bukari na sombe kwenye stasiyo usiku, wakijua watatukanwa njiani. Kulikuwa waliotunza ufunguo wa nyumba ya jirani mpaka aliporudi. Hao hawakufanya siasa. Walifuata desturi ya kilio: jirani ni ukoo. Mji ulipogeuka kuwa mama wa kambo, wao walibaki mama.

7. Baba alipoondoka

Wengine walidhani watu wa Kasai wakiondoka mkate utaongezeka. Haukuongezeka. Mafundi waliokuwa wakijua mashine walikwenda nao, na kiwanda kikazidi kulala. Mishahara ikakawia miezi na miezi. Kati ya mwaka wa 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Watu walichekea neno hilo la hiari. Mtu aliyetumika miaka thelathini alipokea fedha ya mkono mmoja, akanunua mashine ya kusaga au gari kuukuu, na baada ya mwaka vyote viwili vilikuwa vimesimama.

Hapo njo tulipoona tofauti ya vitu vilivyotoka juu na vilivyotoka pembeni. Mposho ilikufa. Lopitali ya bure ilikufa. Likilimba haikufa. Mama aliyekuwa akiuza munkoyo na karanga, ambaye mume wake alimdharau wakati wa mshahara, njo aliyelipa masomo ya watoto. Watu wa kampi, waliokuwa wakijiona juu ya watu wa sité, walikuja Kikula kujifunza namna ya kuishi bila king'ora: kulima pembeni mwa mji, kuuza makala, kununua samaki wa ziwa Tshangalele na kuwauza kwa kipimo kidogo kidogo.

Vijana wao walishika chepeo wakawa wachimbaji, huko Kamatanda na kwingineko. Serikali ilifunga Shinkolobwe mwaka wa 2004, na mwaka ule ule, mwezi wa Julai, ardhi ilibomoka pale pale na kuua watu. Makampuni mapya yalikuja baada ya sheria ya madini ya mwaka wa 2002, magari makubwa ya madini yanapita katika barabara ya Lubumbashi na Kolwezi mchana na usiku, vumbi ni letu, na kazi ni chache. Tangu mwaka wa 2015 Katanga imegawanywa mikoa minne, na wengi wa vijana wetu wanaangalia Kolwezi kama babu zao walivyoangalia Likasi.

Hata hivyo Kikula inaendelea kukua. Nyumba zinapanda vilima, bomba la maji ni la zamani na watu ni wapya, umeme unakatika katika mji ambao mabwawa yake yalijengwa ili usikatike. Kwa nini watu wanakuja basi? Wanakuja kwa sababu ku mugini hakuna lopitali karibu, shule haina vitabu, na barabara imekufa. Kijana anayekuja mjini si mjinga. Anakimbia hasara moja, anaingia katika nyingine, akitumaini ya pili ni ndogo.

8. Tunapima

Ukimuuliza mtu faida ya mji atakuhesabia: kazi, umeme, lopitali, shule. Ukimuuliza hasara: njaa, wizi, moshi, watoto wasiojua lugha ya babu. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini historia ya Kikula inatuonyesha kwamba haitoshi. Vitu vile vya kwanza tulivipata kwa mkopo, na mwenye mali alikuja kuchukua mali yake. Aliwahi kufanya hivyo mwaka wa 1930 na kitu, akafanya tena baada ya 1990, na mwenye mali mpya naye atafanya vile vile siku bei ya kobalti itakapoanguka. Mji unaotegemea kitu kimoja ni kama mtu anayesimama kwa mguu mmoja: anasimama vizuri mpaka anapochoka.

Kilichobaki mikononi mwetu ni kile tulichokifanya sisi kwa sisi: lugha, gita, kilio, butani, likilimba. Faida kubwa ya mji ni kwamba unakupa jirani ambaye hukumchagua. Na hasara kubwa ni hiyo hiyo, siku mnapokubali mtu mwingine awaambie kwamba jirani huyo ni mdudu.

Hatusemi haya kwa ajili ya zamani tu. Katika miaka hii treni na malori yanaleta tena vijana kutoka Kasai, ambako vita vya mwaka wa 2016 na 2017 na ukosefu wa kazi viliwatoa. Wanalala kwenye stasiyo ile ile. Wanabeba mizigo, wanauza maji, wanaendesha pikipiki. Na tayari tunasikia katika vilabu vya pombe, na hata kwenye milango ya makanisa, maneno yale ya zamani yakitafuta mdomo wa kutokea. Wanaoyasema wengi wao hawakuzaliwa mwaka wa 1992. Hawajui, kwa sababu wazazi wao hawakuwaambia. Tuliona haya, tukafunga kinywa, na haya isiyosemwa haifundishi mtu.

Basi tunaomba mambo mawili tu kwa wasomaji wetu, na hasa kwa walimu. Watoto wa Kikula wanapojifunza historia ya mji, wasiishie kwa Jean Jadot na tani za shaba. Wajifunze pia nani alilala kwenye stasiyo, na nani aliwapelekea bukari. Na pili, desturi ya kilio isiachwe kuwa kazi ya wazee. Kijana aliyelala nje usiku mmoja penye moto wa jirani wa kabila lingine, itakuwa vigumu kesho yake kumpa kiberiti cha kuchoma nyumba ya huyo jirani.

Wazee wataendelea kusema mji umeharibu watoto, na vijana wataendelea kuuliza mbona hamkubaki ku mugini. Ubishi huo ni mzuri, uendelee. Ila kila mmoja ajue kwamba hapa hakuna aliyekuja peke yake, na mukuba ukiisha kabisa chini ya vilima hivi, jirani bado atakuwa pale.